Nchi ya Theluji Haikuwa na Ng'ombe

Kila mnaponialika kwenye semina zenu, nyinyi vijana wa maktaba, chai ikiisha huwa kuna mmoja anayenisogelea na swali lile lile: "Mama, wewe ni Mtaita, kwa nini ulistaafia Busia?" Mimi hujibu kwamba ni kwa sababu ya mihogo. Mnacheka, mnachukua mikoba yenu, mnaenda. Leo nitajibu vizuri, lakini jibu lenyewe ni refu na lina gundi ndani yake, kwa hiyo mnivumilie.

Nilifika mpakani miaka ya sabini, msichana mwenye sanduku moja na cheti cha ukarani. Chumba cha kusomea nilichopewa kilikuwa nyuma ya ukumbi mmoja, hatua chache kutoka barabara kuu. Ukisimama mlangoni uliona malori yakingoja kuvuka, wabadilishaji fedha wakiitana, na vijana wa baiskeli wakitafuta abiria wa kuvusha ng'ambo, yaani Uganda. Ndani kulikuwa na mabenchi, kabati la vitabu na harufu ya popo. Sikujua Kikhayo wala Kiteso, na Kiswahili changu cha Voi kiliwachekesha watu wakasema naongea kama redio. Jioni nilifunga chumba, nikarudi nilikopanga, nikasonga ugali wa mtu mmoja. Ugali wa mtu mmoja ni kitu cha huzuni, vijana wangu. Hata mwiko unaona haya.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Barasa, Mkhayo wa pale pale Bukhayo. Yeye ndiye aliyekuwa akitengeneza vitabu vilivyochanika. Alikuwa mrefu na mwenye hasira za karibu, lakini mikono yake ilikuwa mipole kuliko mdomo. Siku yangu ya kwanza alinikuta nikipekua kitabu kutafuta ukurasa uliotoka, akaninyang'anya.

"Wewe msichana, kitabu si chapati. Unapindua-pindua hivyo unataka kiungue?"

Gundi ya dukani ilikuwa haifiki Busia, au ikifika imeshakauka. Tulipika yetu kwa unga wa muhogo. Andikeni hili, maana hamtalipata kwenye kompyuta zenu: maji yachemke kwanza, unga ukorogwe pembeni na maji baridi, kisha umimine taratibu huku unakoroga upande mmoja tu. Ikianza kung'aa, ipua. Halafu tia mrututu kidogo, ile dawa ya buluu, usipofanya hivyo mende watakuja kula karamu. Mimi mara ya kwanza nilisahau mrututu. Tukaanika vitabu dirishani, akaja mbuzi wa mama mmoja muuza samaki akala jalada lote la kitabu cha jiografia, pamoja na nusu ya bara la Asia. Mzee Barasa hakunigombeza. Alimtazama yule mbuzi akasema, "Angalau kuna mmoja hapa mjini anayependa kusoma."

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha. Kitabu kikikosa ukurasa, yeye alikata karatasi nyeupe ya ukubwa ule ule akaishonea pale pengo lilipo. Nilimwambia siku moja kwamba naweza kukisia maneno yaliyopotea, niyaandike kwa mkono, msomaji asikwame. Aliacha sindano ikining'inia.

"Msomaji akwame," alisema. "Ajue hapa kuna kitu kimepotea. Ukimjazia, umemwibia mara ya pili."

Sasa nije kwenye kitabu chenyewe. Kilikuja ndani ya katoni ya vitabu vya msaada kutoka Ulaya, kikiwa kimelowa pembe moja. Kilikuwa hadithi ya vita ya watoto, kwa Kiingereza: ndugu watatu katika nchi ya kaskazini yenye theluji, nchi iliyovamiwa na askari wa taifa lingine. Baba yao amekimbilia msituni. Wale watoto wanapeleka mkate kwa siri kwenye kibanda mlimani, mbele ya macho ya askari, huku wakijifanya wanacheza. Nilikisoma peke yangu kwa jioni chache nikasahau hata kupika. Nikaona hiki ni cha kuwasomea watoto Jumamosi.

Watoto wengi hawakujua Kiingereza cha kutosha, kwa hiyo nilishika kitabu nikawa nakigeuza Kiswahili papo hapo, kwa mdomo. Kazi ya namna ile ni ngumu kuliko mnavyodhani. Jumamosi ya kwanza nilikwama kwenye neno la kwanza la maana: theluji. Nikawaambia ni kama barafu ya kwenye friji. Hakuna aliyekuwa na friji. Mzee Barasa, aliyekuwa pembeni akishona, akasema bila kuinua kichwa, "Waambie unga."

Kweli, mkiujua upande ule mnajua. Msimu wa mihogo, kuanzia Busia hadi Chakol, kila jiwe la bapa na kila ukingo wa barabara umeanikwa mihogo iliyotwangwa, nchi nzima nyeupe. Nikasema, "Theluji ni kama mihogo iliyoanikwa, ila imefunika kila kitu: mapaa, miti, barabara, mpaka kiunoni." Watoto wakapumua, wakaona. Nikajipongeza.

Jumatano yake nikaenda Malaba na katoni yangu kuwasomea watoto wa kule karibu na stesheni. Nikawapa ule ule unga. Nikafika mahali watoto wa kitabu wanalia njaa, mama yao anagawa viazi vya mwisho. Msichana mmoja Mteso akasimama.

"Dada, unatudanganya. Kama inchi yote ni unga, njaa imetoka wapi? Si wasonge ugali?"

Kikao kikavunjika kwa vicheko. Mkuu wa stesheni alikuja kuuliza kuna nini. Hilo nalo liandikeni: ukimfananishia mtu kitu asichokijua, tafuta kinachofanana hata kwa ubaya wake. Tangu siku ile nikasema theluji ni mvua ya mawe isiyoyeyuka. Mvua ya mawe wanaijua, imewahi kuwaulia mahindi.

Alupo alikuja Jumamosi ya tatu au ya nne. Alikuwa msichana wa kama miaka kumi, mwembamba, nywele zimekatwa fupi kabisa, na hakukaa na wenzake. Alikaa kwenye kizingiti, mgongo kwenye fremu ya mlango, uso nusu ndani nusu nje. Nilijuana naye kwa hilo. Mtu mpweke humtambua mwenzake kwa anavyochagua pa kukaa.

Mzee Barasa ndiye aliyenieleza. Miaka ile ng'ambo kulikuwa na utawala wa askari. Baba wa Alupo, mwalimu upande wa Tororo, alichukuliwa kwa gari mchana kweupe na hakuonekana tena. Mama alimtuma mtoto avuke kwa bibi yake, aliyekaa pembeni mwa mji kwenye njia ya Chakol, naye akabaki nyuma kumtafuta mumewe. Alisema atafuata. Miezi ilikuwa imepita.

Alupo alikuwa na swali moja tu. Kila Jumamosi wenzake wakitoka mbio, yeye alibaki.

"Dada, baba yao atarudi?"

"Ngoja tufike."

"Wewe umemaliza kusoma. Unajua."

"Hadithi haikimbizwi, Alupo. Njoo Jumamosi."

Nilikuwa najua. Ndiyo maana nilikuwa nasoma polepole, kurasa chache kwa kikao, na nikifika kwenye mandhari ya milima nayanyoosha kwa maneno yangu kama mtu anayenyoosha unga usiotosha. Mwisho wa kitabu kile vita vinakwisha, askari wanaondoka, theluji inayeyuka. Baba harudi.

Mnapaswa kujua pia kilichotokea kwenye sura ya nyayo. Watoto wa kitabu wanapanda mlimani na mkate, halafu askari wanaona nyayo zao kwenye theluji na kuanza kuzifuata. Nilisoma kwa sauti ya chini, nikijua hapo ndipo penye moto. Badala ya kuogopa, watoto wa Busia wakakasirika.

"Hao ni wajinga!" alisema kijana mmoja. "Si wangepitisha ng'ombe?"

"Ng'ombe gani?"

"Dada, wewe hujui? Mutu akitaka kuvuka, anatangulia. Ng'ombe inakuja nyuma yake. Inakanyaga kila kitu. Askari akikuja anaona kwato tu."

Wakaanza kunifundisha wote kwa pamoja, kwa Kiswahili, Kikhayo na Kiteso: ng'ombe wangapi watosha, wapite upesi au polepole, na kwamba asubuhi yenye umande ni mbaya kwa sababu majani yaliyolala husema. Nami nikakumbuka kwamba kwenye benchi la nyuma kulikuwa na mwanamume nisiyemfahamu, anasoma gazeti. Gazeti lilikuwa limeshuka hadi kifuani. Siku zile mpakani hukujua nani ni nani. Mzee Barasa alinyanyuka, akachukua nyundo yake, akaanza kugonga mgongo wa kitabu kana kwamba anajenga nyumba, hadi hakuna aliyesikia kitu. Mgeni alikunja gazeti akatoka. Labda alikuwa wakala wa forodha anayengoja karatasi zake. Sikujua.

Nilipogeuka, Alupo alikuwa ameondoka mlangoni na kuja kusimama karibu nami, mara ya kwanza.

"Watu wa theluji hawana ng'ombe?" aliniuliza.

"Wanao. Lakini wakati wa baridi huwafungia zizini, nje hakuna majani."

Akaitikia kwa kichwa, pole pole, kama mtu aliyepata kitu alichokuwa akikitafuta.

Ijumaa kabla ya sura ya mwisho nilimwambia Mzee Barasa neno lililokuwa likinisumbua. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza na mdomo ulikuwa wangu. Nikisema baba alirudi, nani angejua? Nilimwambia siwezi kumtazama yule mtoto na kumsomea mwisho ule.

Alikuwa akipaka gundi, hakuacha.

"Mimi nikikosa ukurasa ninaweka nini?"

"Karatasi nyeupe."

"Basi."

"Mzee, huyu ni mtoto, si kitabu."

"Ndiyo maana," alisema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Kitabu hakiwezi kukuuliza baadaye."

Jumamosi nilisoma kama kilivyoandikwa. Nilisoma theluji ilivyoyeyuka na kuteremka mtoni, watu walivyotoka majumbani kuimba, na wale ndugu watatu walivyokaa kwenye ngazi za nyumba yao wakitazama njia ya msituni mpaka mama akawaita kula. Kisha nikafunga. Alupo alinyanyuka kizingitini akaenda zake bila kuniaga.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Iliyofuata tena, hakuja. Nilianza kitabu kingine, cha sungura, na kila kivuli kilipopita mlangoni niliruka mstari. Nilijisikia vibaya, nitasema wazi. Nilikuwa nimezoea swali lake. Mjini nilikuwa na watu wa kunisalimia, lakini yeye peke yake ndiye aliyekuwa na haja na mimi.

Jumapili zangu zilikuwa ndefu. Baada ya kanisa nilikuwa natembea tu, naenda ninakokwenda ili nisirudi chumbani mapema. Jumapili moja nikachukua njia ya Chakol, nikapita nyumba za mwisho, nikashuka kwenye uwanda wa majani unaoelekea ng'ambo. Hakuna ua pale, hakuna alama. Ni majani tu, na watu wa pande zote mbili ni ndugu. Nikaona ng'ombe wachache wakija, na nyuma yao Alupo na fimbo iliyomzidi urefu.

"Wewe umepotea," nilimwambia.

"Sijapotea. Niko hapa kila siku."

Aliwageuza ng'ombe, wakarudi walikotoka kwenye kijia kile kile, kisha akawageuza tena. Udongo ulikuwa umekanyagwa hadi ukawa kama uji. Nilimwuliza anafanya nini.

"Napita nao. Asubuhi napita, jioni napita. Bibi anasema maziwa yatapungua, nimemwambia yapungue." Akamchapa ng'ombe aliyebaki nyuma. "Dada, yule baba wa kitabu. Alikosa ng'ombe."

"Nini?"

"Hakurudi kwa sababu alikosa ng'ombe. Nyayo zake zilionekana. Watoto walikaa tu kwa ngazi, wanaangalia. Mama yangu sijui atakuja siku gani. Sasa mimi nafuta kila siku."

Nilivua viatu, nikashika tawi, nikatembea naye nyuma ya wale ng'ombe, kwenda na kurudi, hadi jua lilipoinama. Jumapili ile ndiyo ya kwanza tangu nifike Busia ambayo sikutaka iishe. Baada ya hapo nikawa naenda kila Jumapili, na muuza maziwa mmoja akaeneza habari mjini kwamba dada wa vitabu amenunua mifugo.

Sijui kama ni kwato zile zilizosaidia. Mwenye kujua ni Mungu. Lakini asubuhi moja ya katikati ya wiki, nikiwa nafagia, Alupo aliingia mbio na matope hadi magotini, akakanyaga sakafu yangu yote, akanivuta mkono bila neno. Nje, kwenye benchi la Mzee Barasa, aliketi mwanamke aliyevaa gomesi iliyochanika pindo. Miguu yake ilikuwa imevimba. Mzee Barasa alikuwa amechukua maji ya moto aliyopasha kwa ajili ya gundi, anamwosha.

"Nnyabo, pole," alikuwa akisema. "Pole sana."

Mama Alupo alinitazama akaniuliza kama mimi ndiye mwenye kitabu cha theluji. Nikasema ndiyo.

"Nilipita alfajiri," alisema. "Wenzangu waliogopa ile njia, matope mengi. Mimi nikaona kwato, kwato, kila mahali. Nikasema hapa kuna mtu ananingoja." Kisha akalia, na Alupo akasimama mbele yake kumkinga watu wasimwone.

Mumewe hakumpata. Hilo lilibaki karatasi nyeupe hadi leo, nijuavyo.

Walikaa kwa bibi mpaka vita vya kumwondoa mtawala wa kule ng'ambo vilipokwisha, halafu wakajiandaa kurudi kwao. Nilifurahi kwa ajili yao, nawaambia kweli, na furaha ile iliniuma kama jino. Alupo alikuja kuniaga jioni, nikifunga madirisha. Nilimpa kile kitabu. Tulikuwa tumekishona upya, mgongo mpya, gundi yenye mrututu wa kutosha.

Alikipima uzito mikononi, akatazama chumba kama anayekiona kwa mara ya kwanza.

"Dada, na wewe unangoja nani?"

Nilicheka. Nikasema mimi simngoji mtu, mimi nimekuja kazini.

"Kila mtu anangoja mtu," alisema. Alifikiri, uso umekunjamana vile vile kama siku ya sura ya nyayo. "Basi mimi nitakuja. Nikiwa mkubwa nitakuja na ng'ombe wangu. Usihame."

"Sihami."

Miaka miwili baadaye nililetewa uhamisho wa Voi, karibu na nyumbani kabisa, na mshahara ulioongezeka. Ofisini walishangaa nilipokataa. Mzee Barasa hakushangaa. Alisema tu, "Basi nunua sufuria kubwa, uache kusonga ugali wa ndege." Alifariki akiwa na sindano mfukoni mwa koti, na nyundo yake ninayo mimi.

Nilifanya kazi pale hadi nikastaafu, nikajenga nyumba ndogo upande wa Bukhayo, karibu na njia. Asubuhi na jioni ng'ombe hupita. Nikisikia kwato natoka mlangoni, hata kama nimeshika kikombe, hata kama miguu inauma. Mara zote ni ng'ombe wa jirani yangu, naye amenizoea. Huinua fimbo akaniuliza, "Mama, bado?"

Nami humjibu, "Bado."